Moyo wa kazi: vijana wa Katanga tangu 1910

Misa ya Dominika ikiisha, wazee wetu husimama chini ya mti mbele ya kanisa na kuongea habari za watoto wao. Maneno yao ni karibu yale yale katika kila parokia: «Vijana wa sasa hawapendi kazi. Sisi kwa umri wao tulikuwa tayari na mshahara, tuna mke, tuna nyumba.» Mwingine huongeza kwamba mwanawe hulala mpaka jua liwe juu, na akiamka anauliza unga uko wapi. Hatutaki kuwacheka wazee wetu, maana uchungu wao ni wa kweli. Lakini tumejiuliza kama maneno hayo ni mapya. Basi tumerudi nyuma katika historia ya Katanga yetu. Kumbe, miaka 100 na zaidi iliyopita, maneno hayo hayo yalisemwa juu ya babu za wazee hao hao! Waliosema walikuwa Wazungu wa kampuni na wa serikali. Walisema mtu mweusi ni mvivu, hatafuti kazi, na akiipata anaikimbia.

Tuanze basi kabla ya Wazungu, maana yafaa kujua kama watu wa nchi hii kweli hawakuwa na moyo wa kazi.

Kabla reli haijafika, shaba ya Katanga ilikwisha kuchimbwa kwa miaka mamia mengi. Wasanga, Wayeke na wengine walijua kuitafuta vilimani, mahali ambapo miti haioti vizuri na mawe ni ya kijani. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno ya shamba yakiisha. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota na kusafisha mawe, na mafundi walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu. Fundi hakuwa mtu yeyote tu. Ufundi ulikuwa na siri zake na dawa zake, na kijana alipaswa kulipa na kungoja kabla ya kufundishwa. Shaba ilimiminwa ikawa na umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilisafiri mbali sana, mpaka ikatumiwa kama fedha, na kama mali ya kuoa. Askofu de Hemptinne wa Wabenedikto aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926, akiwaita walaji wa shaba, kwa sababu walikula kwa jasho la shaba yao.

Tushike neno moja hapo: mali ya kuoa. Kijana aliyevumilia moshi wa tanuru alijua kwa nini anavumilia. Mwisho wa njia aliona mke, na nyuma ya mke aliona lupango lake mwenyewe na jina kati ya watu.

Sasa tuje kwa Wazungu. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 tanuru la kampuni lilianza kuyeyusha shaba. Palihitajika mikono maelfu. Lakini Katanga ya kusini ilikuwa nchi yenye watu wachache, na malale yalikuwa yamewapunguza tena. Watafutwe wapi? Mwaka ule ule wa 1910 ilianzishwa ofisi ya kukusanya wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Watu wake walikwenda vijijini na zawadi kwa wachifu, na kwa kila mtu aliyetolewa chifu alipata kitu. Msomaji atafahamu mwenyewe chifu wa namna hiyo alimtoa nani. Hakumtoa mwana wake. Alimtoa mgeni, au mtu mdhaifu, au aliyekuwa mtumwa wa jamaa, au yule kijana mkaidi aliyekuwa akimsumbua.

Tena Bula Matari aliweka kodi ya kulipwa kwa franka. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko fimbo. Mtu anaweza kuwa na muhogo tele na mbuzi, lakini franka haioti shambani. Hapo ndipo kijana alipotoka kwao, akafanya miezi 6 kwenye shaba, akapata franka, akarudi. Wengine hawakufikisha hata hiyo miezi 6. Walitoroka njiani, au walitoroka usiku wa kwanza.

Je, walikuwa wavivu? Tutazame walichokikuta. Lubumbashi iko juu, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inachoma mifupa. Mtu aliyetoka bonde la joto alilazwa katika kibanda kibaya, akapewa unga asiouzoea, na mke wake alibaki kijijini. Pneumonia na kuhara viliua wengi, kisha mwaka 1918 ikaja homa kubwa ile iliyozunguka dunia nzima. Habari za vifo zilifika vijijini kabla ya wale waliopona hawajarudi. Baada ya hapo kijana akimwona mwandikaji wa kampuni anakuja, alikimbilia porini. Mwandikaji naye aliandika katika ripoti yake kwamba watu wa kijiji hiki hawapendi kazi!

Na bado wengine walikuja wenyewe kwa miguu yao. Jambo hili tusilipite haraka. Wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, hasa pande za Luapula. Mpaka karibu mwaka 1920 watu wa Rhodesia walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kampuni. Walitaka nini? Walitaka nguo, blanketi, baadaye kinga ya kupanda na masini ya kushona. Lakini zaidi ya vitu, walitaka kutoka chini ya mkono wa wazee. Hapo kale mali ya kuoa ilikuwa mikononi mwa baba na wajomba. Kijana alingoja. Alimlimia mkwe, alimtumikia mjomba, na miaka ikapita. Sasa franka iliingia katikati. Kijana aliyerudi na sanduku lake la bati kichwani aliweza kuoa bila kungoja neno la mjomba. Wazee hawakulipenda jambo hilo hata kidogo. Basi pale kijijini mzee alinung'unika kwamba vijana wanakimbilia kazi ya Wazungu, na mjini Mzungu alinung'unika kwamba vijana wanaikimbia. Wote wawili walikuwa wakisema habari za kijana mmoja.

Karibu mwaka 1925 kampuni ilishikwa na shida. Reli, mashamba na kampuni nyingine zote zilitaka watu. Kule Rhodesia migodi mipya ya shaba ilikuwa inafunguliwa, na vijana wa Luapula walianza kubaki kwao. Ikajaribu kuleta watu kutoka Ruanda-Urundi tangu 1925, nao wakafa wengi kwa sababu ya baridi, magonjwa na chakula kigeni, mpaka safari hizo zikaachwa. Ndipo wenye kampuni walipokaa na kuhesabu. Hatusemi hivi ili kuwasifu, maana walihesabu franka zao. Kumleta mtu kutoka mbali ni gharama. Akifa au akitoroka baada ya miezi 3, gharama imepotea.

Basi wakabadili desturi. Tangu 1927 na 1928 mapatano ya miezi 6 yaliachwa polepole, yakaingia mapatano ya miaka 3. Mwanaume aliruhusiwa, hata akahimizwa, kuja na mkewe. Nyumba za matofali zilijengwa. Mke alipata posho yake, na kila mtoto posho yake. Hospitali za kuzalia zilifunguliwa, watoto wakapimwa uzito. Kijana asiye na mke aliweza kukopeshwa mali ya kuoa, akailipa kidogo kidogo kwa mshahara. Mkubwa wa mambo hayo alikuwa mganga Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 aliandika kitabu juu ya siasa hiyo ya kampuni. Shule za kambi zilipewa Wabenedikto na Masista.

Ikawaje? Watu wale wale walioitwa wavivu walikuja na kukaa. Mwaka 1928 reli ilipounganisha Bukama na Ilebo, vijana wa Kasai nao walishuka. Miaka michache baadaye kampuni haikuhitaji tena kuwafuata vijana porini. Vijana ndio waliosimama mlangoni. Damu yao haikubadilika kwa miaka hiyo 5, wala hakuna mahubiri mapya yaliyowageuza. Kilichobadilika ni kwamba kijana aliweza kuona mwisho wa njia, yaani mke wake katika nyumba yake, na mtoto asiyekufa. Hata kazi ya chini ya ardhi aliipokea.

Hata hivyo tusipake sukari. Nyumba ile ilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kampuni. Dr Mottoulle aliwaona wafanyakazi kama watoto wa kulelewa na baba mkali. Kambi ilikuwa na sheria juu ya kila kitu: nani anakuja kulala, mke anapika nini, saa ya kuzima taa. Na sisi wa misioni tulikuwa ndani ya mambo hayo. Askofu de Hemptinne alikuwa karibu sana na wakubwa wa kampuni na wa serikali, na katika shule zetu mtoto alifundishwa kwamba mkristu mwema ni mfanyakazi asiyejibu. Watu walizoea kuiita kampuni baba na mama. Jina hilo lilisemwa kwa shukrani, na pengine kwa hasira.

Baba huyo alionyesha upesi kwamba anaweza kuwafukuza watoto. Bei ya shaba ilipoanguka ulimwenguni, wafanyakazi weusi wa Union Minière walishuka kutoka zaidi ya 15,000 karibu mwaka 1930 mpaka karibu 5,000 miaka miwili hivi baadaye. Maelfu walirudishwa vijijini na wake zao, wengine wakilia kwa sababu walitaka kubaki. Wala hatujasikia kwamba mkubwa fulani aliandika siku hizo kuwa Mwafrika ameanza kupenda kazi kupita kiasi. Kisha vita vya dunia vikaja, bei za nguo na vyakula zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma, na tarehe 9 askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Makumi walikufa, kati yao karani Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba yao. Watu hao hawakukataa kazi, walitaka kazi iwalishe jamaa zao kama walivyoahidiwa.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Mishahara ilipandishwa, watoto waliozaliwa kambini walikua, wakasoma. Mwana wa mchimbaji hakutaka tena koleo. Alitaka kalamu, au walau ufundi wa umeme na wa masini. Baba zao waliona ni kiburi, lakini ni nani aliyewapeleka shuleni? Mwaka 1957 na 1958 bei ya shaba ilishuka tena, na vijana wengi wenye cheti walizunguka Elisabethville bila kazi. Kisha likaja uhuru mwaka 1960, na mambo yaliyofuata mnayajua. Mwanzo wa 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na baadaye kampuni mpya ikaitwa Gécamines. Bendera ilibadilika, lakini desturi ya baba na mama iliendelea: nyumba, shule, hospitali, mfuko wa unga kila mwezi. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 na ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Wazee wengi wanaosimama leo chini ya mti wetu waliandikwa kazi siku hizo.

Kisha nyumba ilianguka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi uliporomoka. Mwaka 1991 askari na watu waliiba na kuvunja mijini. Mwaka 1992 na 1993 wafanyakazi wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa pamoja na wake na watoto wao, wakalala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja safari, na wengine walikufa kabla treni haijafika. Ni doa letu. Mwaka 1994 Gécamines ilitoa karibu tani 30,000 tu. Mshahara ulichelewa mwezi, halafu miezi mingi. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha kidogo ili waondoke, nao walisema fedha hizo hazikufikia haki yao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu juu ya jamaa hizo, na katika jina la kitabu chake amewaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Tungependa wazazi wasimame kidogo hapo. Katika miaka hiyo kijana alikuwa na umri wa miaka 10 au 12. Kila asubuhi alimwona baba akivaa kofia yake ya kazi, akitoka saa 12, akirudi jioni amechoka. Mwisho wa mwezi, mikono mitupu. Mwezi wa pili, mitupu. Baba hakuacha kwenda, kwa sababu ya heshima, na kwa kuogopa kupoteza haki yake ya miaka 25. Huyu mtoto alijifunza nini juu ya kazi? Hakuna aliyemhubiria uvivu, aliyaona mambo kwa macho yake mwenyewe.

Na nani aliyemlisha? Mama yake. Kampuni kwa miaka 60 ilikuwa imemwambia mama akae nyumbani, ashone na kupika. Sasa mama aliuza makala, samaki wakavu na mikate barabarani. Alipanda treni kutafuta mahindi vijijini. Alilima kando ya mji. Mabinti walikwenda naye. Ndiyo maana leo, ukiwatazama vijana wa mji, mara nyingi binti ana kijimeza chake cha kuuza kabla kaka yake hajapata la kufanya. Watu husema wasichana wana akili ya fedha. Sisi twaona kwamba binti alikuwa na mtu wa kufuata, kaka yake hakuwa naye.

Wavulana wengi walikwenda kwenye mashimo. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watu walianza kuchimba kwa mikono mawe ya kobalti na shaba, na sheria ya migodi ya mwaka 2002 ikawaruhusu mahali fulani. Kolwezi, Likasi, Kambove, pande zote vijana walishuka chini ya ardhi na patasi na taa ya kichwani. Mashimo huanguka, na kila parokia ya Kolwezi imezika vijana wa namna hiyo. Hatusifu mashimo. Lakini mtu aone nguvu za kijana anayeshuka mita 20 kwa kamba kisha athubutu kusema kwamba kizazi hiki hakina moyo wa kazi! Shimoni jiwe huuzwa siku ile ile au juma lile lile, na franka huwekwa mkononi. Mwana wa yule baba aliyengoja mwezi baada ya mwezi hataki kungoja tena.

Leo Katanga inatoa shaba kuliko wakati wowote wa historia yake. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2. Kampuni kubwa za wageni zina masini zinazofanya kazi ya watu mia. Kijana anakwenda mlangoni na cheti chake katika karatasi ya plastiki. Akiwa na bahati, anaandikwa si na kampuni yenyewe bali na kampuni ndogo iliyo katikati, kwa mapatano ya miezi michache. Yakiisha anarudi nyumbani, anangoja, anaitwa tena au haitwi. Hakuna nyumba, na shule ya watoto au mali ya kuoa ni juu yake mwenyewe. Msomaji amekwisha kukumbuka: miezi michache, bila mke, kisha rudi ulikotoka. Ni desturi ya 1911, na yazaa matunda yale yale ya 1911. Kijana huingia bila moyo, huondoka mapema, huruka kutoka mahali hata mahali, na mkubwa wa kazi huandika kwamba vijana wa nchi hii hawadumu.

Kuna wavivu kweli, hatukatai. Walikuwako zamani pia. Kuna kijana aliyeacha kazi nzuri kwa sababu ya pombe, na kuna aliyeharibiwa na mama asiyeweza kumnyima chakula. Wazazi hao watusamehe. Makala hii haikuandikwa kwa ajili yao.

Dominika iliyopita wazee walikuwa tena chini ya mti. Mmoja wao, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines aliyeandikwa mwaka 1974, alikuwa akimkemea kijana wa jirani aliyekataa kurudi kwenye kazi ya miezi 3. Kijana alisikiliza kwa adabu, kofia mkononi. Kisha akauliza: «Baba, wewe walipokuandika, walikuambia ni kwa miezi mingapi?» Mzee akanyamaza kidogo. «Hawakuniambia miezi,» akajibu. «Walinionyesha nyumba.» Wakatazamana, na mzee akamwuliza kama mchumba wake wa Ruashi bado anamngoja. Kijana akasema ndiyo, mwaka wa nne sasa. Kengele ya Misa ya pili ikalia, wakaingia wote wawili, ingawa mzee alikuwa amekwisha kusali ile ya kwanza.